Umeongeza RAM, Kompyuta Imegoma Kuwaka: Pa Kuanzia

Usiikimbilie dukani kuirudisha RAM mpya. Kwanza itoe, uiache ya zamani peke yake, mahali palepale ilipokuwa. Kompyuta ikiwaka, shida iko kati ya RAM mpya na bodi kuu ya kompyuta (motherboard). Isipowaka, kuna kitu ulikigusa wakati wa kufungua: waya wa umeme wa prosesa umelegea, au kadi ya picha imeinuka kidogo.

Kila unapoigusa RAM, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki uishe. Kwa laptopu, chomoa pia plagi ya betri kwenye bodi.

Kosa linaloongoza ni RAM kutokaa vizuri. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Kwenye kompyuta ya mezani, kandamiza ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka klipu ijifunge yenyewe. Bodi nyingi siku hizi zina klipu upande mmoja tu, na ule usio na klipu ndio hubaki umeinuka bila mtu kugundua. Ukitazama kwa ubavu, ukingo wa RAM uwe sambamba na sloti. Kwenye laptopu, iingize kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yakaribie kufichika yote, ndipo uilaze chini. Meno yakiwa na alama za vidole au vumbi, yafute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache yakauke.

Sasa soma lebo. DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM. DDR4 na DDR5 za mezani zote zina pini 288, lakini pengo la katikati halipo mahali pamoja, kwa hiyo haziingiliani; ikikataa kuingia, usiilazimishe. Mtego uko kwa DDR3: ya kawaida hutumia volti 1.5 na DDR3L volti 1.35, na zinaingia sloti ileile. Laptopu inayotaka DDR3L inaweza kukaa kimya kabisa ukiiwekea ile ya volti 1.5. RAM za seva, zilizoandikwa RDIMM, hazifanyi kazi kwenye bodi za kawaida. Angalia pia kikomo cha ukubwa wa RAM kwenye bodi yako, cha jumla na cha kila sloti.

Bodi yenye sloti nne ikipewa RAM mbili, kwa kawaida hutaka sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zenye alama A2 na B2.

Ikiwa ni DDR5, subiri. Mara ya kwanza bodi hupima na kupanga mawasiliano yake na RAM, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Wengi huzima hapo kwa hofu, na kazi huanza upya. Ipe dakika 15 kabla ya kuchukua hatua nyingine.

Bado kimya? Rudisha BIOS, programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, kwenye mpangilio wa awali: chomoa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi kwa dakika 5, irudishe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data, uwe na ufunguo wa kurejesha kabla ya hapo, maana Windows inaweza kuudai. Ikiwaka, acha XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS ya kuongeza kasi ya RAM, ikiwa imezimwa kwanza. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya XMP, na si kila prosesa inaiweza, hasa sloti zote nne zikijaa.

Kompyuta inayowaka kisha ikajizima au kuleta skrini ya buluu inahitaji Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Iache imalize angalau mizunguko miwili. Kosa hata moja halivumiliki.

Mwisho, jaribu RAM moja moja katika sloti ileile, kisha katika sloti nyingine. Inayogoma peke yake kila sloti, wakati nyingine inawaka, hiyo ni mbovu au haiendani na bodi. Kila moja ikifanya kazi peke yake lakini zikigombana zikiwa pamoja, punguza kasi; ikishindikana, nunua seti iliyouzwa pamoja kwenye pakiti moja. Sloti ikikataa RAM zote mbili, kagua vumbi ndani yake, kisha pini za soketi ya prosesa na skrubu za feni yake: zikikazwa kupita kiasi upande mmoja, kompyuta inaweza isiione kabisa sloti hiyo.