Kumjenga nyuki wa kompyuta anayekwepa ua la kubahatisha

Mwaka 1991 mwanabiolojia Leslie Real alichapisha majaribio ambamo aliwapa nyuki wanene wa jamii ya Bombus maua bandia ya rangi mbili. Rangi moja ilikuwa na maikrolita 2 za mbochi kila ua. Ya pili ilikuwa na 6 katika ua moja kati ya matatu, na mengine matupu. Wastani uleule, lakini nyuki waling'ang'ania la uhakika. Mwaka 2002 mtafiti Yael Niv na wenzake walionyesha, kwa mageuzi ya kuigiza kwenye kompyuta, kwamba tahadhari hiyo haihitaji jeni yake yenyewe: inazaliwa na kujifunza haraka. Darasa la Masasi au Nachingwea lenye kompyuta moja na Python, lugha ya kuandikia programu, linaweza kuhakikisha hilo.

Mpe nyuki jeni moja, k, kasi ya kujifunza, kati ya 0 na 1. Maua yake ni ya aina mbili, na thamani ni mbochi anayoitarajia kwa kila aina: aanze na 0 kwa ufuta (U) na 0 kwa mkorosho (M). Kila akitua:

thamani mpya = thamani ya zamani + k × (mbochi − thamani ya zamani)

Uwezekano wa kwenda kwenye ufuta ni 1 ÷ (1 + e^(M − U)), ambapo e ni takribani 2.718. Usimlazimishe kufuata thamani kubwa tu. Akilikataa ua mara moja hatalirudia, na utadhani ni mageuzi kumbe ni kasoro ya programu.

Tengeneza nyuki 100, kila mmoja atembelee maua 200. Ua moja litoe 3, jingine 1, yabadilishane kila baada ya ziara 20, kwa sababu mbochi ya shamba huweza kumalizwa na nyuki wengine. Ua la kuanza na neema lichaguliwe kwa nasibu. Waliokusanya zaidi, 20, wazae watano kila mmoja. K ya mtoto isogezwe kwa nasibu, mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 0.05, isivuke 0 wala 1. Endesha vizazi 100. Nyuki kibarua hazai, kwa hiyo kila "nyuki" hapa awakilishe mzinga mzima na malkia wake.

Ikianza chini, k itapanda. Sasa zima uzazi, weka maua ya Real, thamani zote zianzie 2, ziara 5,000. Kwa k ya 0.9, ua tupu moja huangusha thamani ya rangi ya kubahatisha hadi 2 + 0.9 × (0 − 2) = 0.2, nyuki huhama, na kwa kuwa harudi mara nyingi, hakosei haraka tu, anachelewa pia kusahihishwa. Ua la uhakika hupata takribani asilimia 81 ya ziara. Kwa k ya 0.05 thamani hushuka hadi 1.9 tu, na mgawanyo hubaki karibu nusu kwa nusu.

k isipopanda, kagua kwanza mabadilishano ya maua. Mazingira yakitulia, hata anayejifunza polepole hushiba, na uteuzi hukosa nguvu. Rudia na mbegu tofauti za namba nasibu, yaani namba za kuanzishia bahati nasibu ya kompyuta, kabla ya kuamini mchoro wowote.