Fulu fremu au kropu? Anza na lenzi

Mtu akiniuliza anunue kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa, yaani kipande kinachonasa mwanga) au ya kropu (yenye sensa ndogo zaidi), nami humuuliza: utaifunga lenzi gani? Nimejifunza kuuliza hivyo baada ya kumpiga picha mpwa wangu akicheza ngoma jukwaani, mara mbili, ukumbi uleule wenye taa hafifu. Mara ya kwanza nilikuwa na fulu fremu yenye zumu (lenzi inayovuta karibu na mbali) ya f/4; namba ya f ikiwa ndogo, lenzi huingiza mwanga zaidi. Ili miguu yake isiache ukungu nilihitaji shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde, na ISO, kiwango cha kukuza mwanga ambacho kikipanda huleta chenga, ikapanda hadi 12800. Mara ya pili nilikwenda na kropu na lenzi moja ya f/1.4. Kwa shata ileile, ISO 1600 ilitosha. Picha za kamera ile ndogo ndizo zilizotoka safi, na moja ipo ukutani kwa dada yangu.

Hesabu yake haina uchawi. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. Kropu ya Sony, Nikon au Fujifilm ni takriban 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo zaidi kidogo. Kwa eneo, fulu fremu ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana, kwa sensa za rika moja, chenga (vidoadoa vya picha) za fulu fremu kwenye ISO 3200 hukaribiana na za kropu kwenye ISO 1400 hivi. Ni faida ya kweli, siipuuzi. Lakini kutoka f/4 hadi f/1.4 mwanga huongezeka mara nane. Lenzi ilikuwa imeishinda sensa.

Sasa uzito, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua lenzi ya kropu, zidisha urefu wake wa fokasi, zile milimita zake, kwa 1.5 (Canon 1.6), kisha zidisha na namba ya f vivyo hivyo. Milimita 23 f/2 kwenye kropu inaona kama milimita 35, na ukungu wa nyuma ya mtu unakuwa kama wa f/3. Kumbuka tu kwamba kwa kupima mwanga f/2 inabaki f/2.

Fujifilm XF 23mm f/2 ina gramu 180. Ile Sony FE 35mm f/2.8 ya fulu fremu, inayotoa picha karibu ileile, ina gramu 120. Nilipoviweka kwenye mizani ya jikoni pamoja na bodi zake (kamera bila lenzi), Sony a7C ya gramu 509 na Fujifilm X-T30 ya gramu 383, tofauti nzima ilikuwa kama gramu 66. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba fulu fremu lazima iwe mzigo. Ukiridhika na lenzi fupi zisizo za zumu, kama Nikon Z 40mm f/2 au Canon RF 28mm f/2.8, utatembea nayo kutwa.

Mambo hubadilika ukitaka zumu. Sigma 18-50mm f/2.8 ya kropu ina gramu 290 tu. Sony 24-70mm f/2.8 GM II ina 695. Hiyo ya pili inatia ukungu zaidi nyuma na kuhimili giza zaidi, sawa, lakini bega langu linaijua. Kwa safari na familia ningechukua Sigma bila kusita. Na kwa ndege wa porini, kropu tena: milimita 300 inaona kama 450.

Kosa ninaloliona sana ni kununua fulu fremu kisha kuifungia lenzi za kropu zilizobaki. Kamera hutumia sehemu ya katikati tu ya sensa, na megapikseli 24 zinabaki kama 10. Kinyume chake hakina shida mradi pete ya kufungia ni moja. Ila usinunue lenzi nzito leo kwa ajili ya kamera ambayo huna.

Kabla ya kulipa, fungua picha 200 unazozipenda, za kwako mwenyewe, utazame taarifa zake: urefu wa fokasi, f na ISO. Kama nyingi zimepigwa mchana kwa f/5.6, sensa kubwa haitakuongezea kitu utakachokiona. Kama nyingi ni za usiku na lenzi tayari imefunguka mwisho (kwa namba yake ndogo kabisa ya f), hapo fulu fremu inastahili fedha zako. Kisha jumlisha gramu za bodi na lenzi unayoitaka, jaza maji ya uzito huo kwenye chupa, lita moja ni kilo moja, uitundike begani tangu asubuhi hadi jioni.