Somo: Kuchora herufi ya mwanzo kwa mtindo wa Zama za Kati

Wanaoanza sanaa hii huchora kwanza, kisha wanahangaika pa kuandikia. Wanakili wa Ulaya walianza na maneno. Mchoraji alijibanza katika nafasi aliyoachiwa.

1. Piga mistari hafifu kwa penseli. Wao walitumia ngozi ya ndama, wewe karatasi nzito ya rangi za maji inakutosha. Kushoto acha mraba wenye kimo cha mistari minne hadi sita.

2. Andika maandishi yote isipokuwa herufi ya kwanza. Hiyo iandike ndogo kabisa ndani ya mraba, iwe ukumbusho. Kuna vitabu ambavyo mchoraji hakufika, na mraba uko mtupu hadi leo.

3. Chora mwili wa herufi, halafu itazame. Hapa usiwe na haraka. O na D zina tumbo, mtu anaweza kukaa humo. S ni joka tayari, bado kichwa tu. I haina tumbo, basi shina lake literemshe ukingoni kama mzabibu. Picha iyafuate maneno: Zaburi za Kilatini huanza na B ya “Beatus vir” (Heri mtu), na wengi walimweka humo Daudi na kinubi chake.

4. Dhahabu kabla ya rangi. Paka plasta laini yenye gundi, iache ikauke, ipulizie pumzi ipate unyevu, bandika karatasi nyembamba ya dhahabu, kisha sugua. Wao walisugua kwa jiwe la akiki au jino la mbwa. Mimi niliwahi kutanguliza rangi, dhahabu ikaganda shavuni kwa Daudi.

5. Rangi, kisha wino mweusi kwenye kingo.

MASWALI

– Mwalimu, mbona kile Kitabu cha Kells sioni hata herufi?

Nadhani umeangalia ukurasa wa Chi Rho. Kitabu ni Injili nne zilizoandikwa kwa mkono, cha karibu mwaka 800, kipo Trinity College, Dublin. Herufi za Kigiriki Χ, Ρ na Ι, ufupisho wa jina la Kristo, zimemeza ukurasa karibu wote. Msomaji wake alilijua neno hilo kabla ya kufungua kitabu, ndiyo maana mchoraji alithubutu. Tazama chini: paka, panya wanaogombea kimkate cha duara, na fisi maji mwenye samaki. Dhahabu hamna, ile njano ni madini yenye aseniki.

– Rangi ya dhahabu ya dukani inafaa?

Inafaa. Hata wao walichanganya unga wa dhahabu na gundi wakapaka kwa brashi. Haitang'aa kama ya kubandika, lakini.

– Shikamoo mwalimu. Nataka kupamba aya kwa mtindo wa misahafu ya Siyu, kule kisiwa cha Pate. Hatua ni hizi hizi?

Marahaba. Mistari na nafasi, ndiyo. Rangi zao ni nyekundu, nyeusi na njano, na mapambo ni maua na mafundo. Huko usimkalishe mtu tumboni mwa herufi.