Mkataba wa mkongwe wa NHL: soma bonasi kabla ya kusoma umri

Ukomo wa mishahara ya klabu moja katika NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, msimu wa 2025-26 ni dola milioni 95.5. Kinachohesabiwa humo ni wastani wa mkataba kwa mwaka, wala si fedha anayopokea mchezaji mwaka huo. Tofauti hiyo ndiyo inayozitesa klabu zenye wakongwe.

Kabla ya kumsainisha, angalia tarehe ya kuzaliwa. Aliyetimiza miaka 35 kufikia 30 Juni, kabla ya msimu mkataba unapoanza, ana kanuni zake. Mkataba wake ukizidi mwaka mmoja, kisha ukawa na bonasi ya kusaini (malipo ya mkupuo nje ya mshahara) baada ya mwaka wa kwanza au malipo yanayoshuka, unabaki kwenye hesabu hata akistaafu, na kuuvunja, yaani kumlipa sehemu ya mkataba ili aondoke, hakupunguzi chochote. Dawa ni malipo yaliyo sawa kila mwaka, bila bonasi ya kusaini baada ya mwaka wa kwanza. Bora zaidi, mpe mwaka mmoja wenye mshahara mdogo na bonasi za mechi anazocheza. Bonasi zikivuka ukomo, ziada inakatwa msimu unaofuata, kwa hiyo iwekee nafasi mapema.

Kwa mkataba uliosainiwa kabla ya umri huo, kuvunja kunawezekana: klabu inalipa theluthi mbili ya mishahara iliyobaki, ikigawanywa kwa miaka maradufu. Bonasi za kusaini haziguswi, na hapo ndipo wengi hukosea. Chukua miaka miwili iliyobaki, milioni 6 kila mwaka. Yote ikiwa mshahara, kwenye ukomo utabebeshwa milioni 2 kila mwaka kwa miaka minne; unaokoa milioni 4 katika kila mwaka kati ya miwili ya kwanza. Lakini mshahara ukiwa milioni 1 na bonasi milioni 5, mzigo wa kila mwaka kati ya miwili ya kwanza unashuka hadi milioni 5.33 tu, kisha unafuata mkia wa miaka miwili wa milioni 0.33 kila mwaka. Mkataba wa namna hiyo usiuvunje.

Klabu ya Minnesota Wild iliwavunjia mikataba wakongwe wake Zach Parise na Ryan Suter mwaka 2021. Mishahara ya mwisho ilikuwa midogo, hivyo kilichookolewa kilikuwa kidogo pia: msimu wa 2023-24 na 2024-25, wawili hao walikula takriban milioni 14.7 za ukomo wa klabu kila msimu bila kuichezea timu.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni kumuuza huku ukibakiza sehemu ya mshahara, isiyozidi asilimia 50. Klabu inaruhusiwa mikataba mitatu tu ya aina hiyo kwa wakati mmoja, basi usiitumie kwa mchezaji wa milioni 1. Kama bonasi hulipwa 1 Julai, ilipe kwanza, ndipo umtoe: klabu yenye nafasi kwenye ukomo lakini fedha chache itampokea kwa urahisi. Akiwa na kipengele cha kutohamishwa, ridhaa yake ni lazima, hivyo zungumza na wakala wake mapema. Kuvunja mkataba hakuhitaji ridhaa hiyo.