Programu ya kuchoma diski imekuwa nzito: uiapdeti au uiache?

Hapa Mbeya bado tunachoma diski, ndugu zangu. Kwaya ikirekodi Tukuyu inataka DVD za kuuza nje ya kanisa, na mama wa kipaimara hataki flashi, anataka kitu cha kuweka kwenye deki wageni wakija. Sasa kompyuta inaganda, na programu ya kuchoma kila ukiifungua inakwambia toleo jipya limetoka. Kabla hujaingia kwenye bando, fanya hivi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zako kwenye karatasi

Wengi wetu tuna kazi nne tu: kuhifadhi mafaili, CD ya muziki, DVD ya video ya kuchezwa kwenye deki, na kutoa nakala. Diski zenyewe hazijabadilika. Kanuni za CD ya muziki Philips na Sony walizikamilisha mwaka 1980, na DVD iliingia sokoni Japani mwaka 1996. CD ni MB 700, DVD ya kawaida ni GB 4.7, jana na leo. Kwa hiyo toleo jipya halitakuchomea diski bora kuliko la zamani. Kinachoongezeka ni vikorokoro. Nero, kwa mfano, ilianza ikiwa ya kuchoma tu, baadaye ikabeba kuhariri video, kupanga picha na kupiga muziki. Kama hivyo vyote havimo kwenye karatasi yako, vinakula nafasi bure.

Hatua ya 2: Pima uzito

Bonyeza Windows na R, andika appwiz.cpl, kisha Enter. Tafuta programu yako uone imekula nafasi kiasi gani. Halafu ifunge kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na uangalie kama kuna vipande vyake bado vinatembea. Ukivikuta, vizuie visijiwashe pamoja na Windows. Au iondoe, uiweke upya ukichagua sehemu ya kuchoma peke yake. Kwa mashine ya RAM GB 2, mara nyingi kesi inaishia hapo.

Hatua ya 3: Jua hasa kinachokushinda

Mimi nakubali sababu tatu za kuapdeti. Ya kwanza, umehamia Windows mpya na programu ya zamani haifunguki. Ya pili, umenunua raita (kifaa cha kuchomea) ya Blu-ray, zile diski zinazobeba zaidi ya DVD, ambayo programu haiitambui. Ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi: video za simu.

Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi kwa H.265, mfumo wa kubana video uliotoka mwaka 2013. Programu ya mwaka 2008 itaujulia wapi? Nayo deki inataka MPEG-2, mfumo wa zamani wa kubana video, na kwa huku kwetu iwe ya kiwango cha TV kiitwacho PAL: nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Lakini hiyo ni kazi ya kubadilisha video, siyo kuchoma, na si lazima vifanywe na programu moja. Chukua DVDStyler, ni ya bure: ingiza video, tengeneza menyu, iambie ikutolee faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima. Kuanzia Windows 7, ISO unalibonyeza kulia na kulichoma bila programu nyingine yoyote. ImgBurn nayo inafanya kazi hiyo. Toleo lake la 2.5.8.0 ni la mwaka 2013 na bado linachapa kazi.

Kuna lawama moja programu inabebeshwa bila kosa. Mteja analeta folda ambayo Windows inasema ni GB 4.5, fundi anaona itaingia kwenye DVD ya 4.7, inagoma. Windows inahesabu kwa 1024, kiwanda kinahesabu kwa 1000. Kwa hesabu ya Windows, DVD hiyo ni kama GB 4.37. Hata ununue toleo la bei gani, haitaingia.

Hatua ya 4: Ukiamua kuapdeti

Weka kwanza faili la usakinishaji la zamani na namba yake ya leseni kwenye flashi. Ukishaondoa toleo jipya, la zamani halijirudishi lenyewe. Wakati wa kusakinisha usibonyeze Next kama unayekimbiza basi la Makambako. Soma kila ukurasa na utoe tiki kwenye nyongeza usizozitaka.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kupokea oda

Choma DVD-R moja (DVD tupu ya kuchomwa mara moja tu) kwa spidi ya 8x, ukiwa umeweka tiki ya kuhakiki. Tumia laptopu yenye chaji au UPS, maana umeme ukikatika katikati DVD-R hiyo ni ya kutupa. Usiijaribu kwenye kompyuta yako tu. Itie kwenye deki kuukuu kuliko zote unazoweza kuazima. Ikikataa, choma tena kwa diski za kampuni nyingine kabla hujailaumu programu.