Kuanzisha darasa la Neno kwa watu wazima katika mtaa wa kijijini

Muumini wa kawaida katika vijiji vya Dodoma hupitia madarasa mawili ya kanisa maishani mwake, la ubatizo na la kipaimara, na askofu akishamwekea mikono hakuna anayemwuliza tena kama yale anayoyasikia kila Jumapili yanamwelea. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo alimwuliza swali hilo hilo towashi Mwethiopia aliyekuwa akisoma garini mwake, naye akakiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwinjilisti, katekista, mzee wa kanisa au muumini yeyote anayetaka kuanzisha kundi la watu wazima wanaojifunza Biblia pamoja, hasa katika mtaa, yaani kanisa dogo la kijijini, ambao baadhi wanajua kusoma na wengine hawajui, kwa sababu hiyo ndiyo hali halisi ya mitaa yetu mingi na hapo ndipo makundi mengi yanapovunjikia.

Ukishapata baraka za mchungaji na wazee wa mtaa, jambo la kwanza kulipanga ni majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mtu anayepalilia uwele au mtama kabla magugu hayajamshinda hawezi kulaumiwa kwa kukosa darasa. Anzeni mwezi Juni au Julai, mazao yakiwa yameshaingia ndani, mwendelee hadi Novemba, na wakati wa mvua mkutane mara moja tu kwa mwezi ili kamba isikatike. Mkiwa karibu na mashamba ya zabibu, waulize wenyewe lini wanavuna, kwa maana mzabibu una kalenda yake. Epukeni siku ya mnada. Saa waichague akina mama, kwa kuwa ndio wenye maji ya kuteka na chakula cha jioni cha kupika. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga saa kumi na mbili jioni kwa sababu ilinifaa mimi, nikabaki na wanaume wanne na benchi tupu, na tulipohamia saa tisa alasiri akina mama walifika wote.

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, wenye sauti kubwa ndio watakaosema na wengine watakuwa wasikilizaji kama ilivyo ibadani. Geuzeni mabenchi yatazamane, au kaeni chini ya mti, na kiongozi akae miongoni mwa watu badala ya kusimama mbele yao. Ikiwa kiongozi ni kijana, awasalimu wazee kwanza kwa heshima inayowastahili na kuwaomba wamsaidie. Baba wa miaka sitini hataki kufundishwa na mtoto wa jirani yake, lakini atakuja kwa moyo mkunjufu akijua kwamba ameombwa kuchangia alichonacho.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Kundini mwetu alikuwapo bibi mmoja ambaye kila tulipofikia kusoma kwa zamu alipapasa pindo la kanga yake na kusema amesahau miwani nyumbani. Wiki ya kwanza nilimwambia asijali, bibi, tutamruka. Wiki ya tatu nilijitolea kumtuma mjukuu wake akailete, na bibi akainama asiseme neno. Wiki ya nne hakuja. Nilichelewa kutambua kwamba miwani haikuwapo kamwe, na kwamba kwa wema wangu nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Tangu siku ile hatusomi kwa zamu. Anayesoma ni yule aliyeombwa faraghani siku chache kabla naye akajiandaa, na wengine wote, wasomi kwa wasiosoma, hufunga vitabu vyao na kusikiliza. Nilimwendea bibi nyumbani kwake kumwomba radhi kabla ya kumwalika tena, na nakushauri nawe ukikosea hivyo uende mwenyewe, usitume salamu.

Usomaji wenyewe tunaufanya hivi. Fungu liwe fupi, aya kumi au pungufu, na lisomwe mara mbili polepole. Kisha mtu mmoja alisimulie kwa maneno yake mwenyewe, na wengine waongeze kilichosahaulika au wakosoe kilichozidishwa. Hapo asiyejua kusoma mara nyingi huwapita wanaojua, kwa kuwa amezoea kutunza maneno kichwani. Baada ya hapo kiongozi aulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, matatu tu: umesikia nini ambacho hukuwahi kukisikia, ni kipi kinachokusumbua, na wiki hii kinakuelekeza kufanya nini. Anyamaze baada ya kila swali, hata ukimya ukiwa mrefu, kwani akijijibu mwenyewe mara mbili watu watangoja ajijibu siku zote.

Tuliposoma mfano wa mpanzi katika Marko sura ya 4, mimi nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya udongo wa moyo. Bibi yule, ambaye alikwisha kurudi, aliuliza kwanza kama shamba la mpanzi lilikuwa limelimwa au la kuberega, yaani lililofyekwa na kuchomwa tu na kupandwa bila kukatuliwa. Akaeleza jinsi mvua ya kwanza inavyoteleza juu ya ardhi ngumu na kuondoka na mbegu, na jinsi mche unavyochomoza vizuri kisha ukanyauka jua la Januari likikaa siku kumi. Maelezo yangu niliyaacha mfukoni. Mtu mzima anakuja na maarifa ya miaka mingi ya kulima, kuzaa, kuuguza na kuzika, na kazi ya kiongozi ni kuyapa nafasi maarifa hayo yakutane na Neno.

Ruhusuni Kigogo, Kirangi au lugha yoyote ya nyumbani katika mazungumzo, hata kama usomaji ni wa Kiswahili. Kiongozi naye achunguze mapema maneno yanayoweza kupotosha. Neno “haki” katika tafsiri ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hutajwa mara nyingi likiwa na maana ya unyofu mbele za Mungu, ilhali mkulima anayesumbuliwa na kesi ya mpaka wa shamba hulisikia kama stahili yake barazani. Someni pia tafsiri ya Habari Njema ili mlinganishe. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake makuu hapa Dodoma, hivyo anayekwenda mjini anaweza kutumwa kuuliza Biblia za maandishi makubwa.

Wakiwapo wanaotaka kujifunza kusoma, tengeni nusu saa kabla ya darasa, kwa hiari na bila kutangaza majina. Anza na jina la mtu mwenyewe, kisha silabi za maneno mliyoyasikia wiki iliyopita, kama mbegu, njia na miiba. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa na silabi zake huzaa maneno upesi. Jambo hili si geni nchini. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 watu walikusanyika vijijini, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee waliokuwapo bado wanasimulia, na mwenye kumbukumbu hizo ni msaidizi mzuri wa kisomo.

Usiruhusu kundi ligeuke kikoba. Vikoba vina faida yake na vina siku yake, lakini fedha ikiingia darasani mwenye deni huacha kuja, na huyo mara nyingi ndiye anayelihitaji zaidi. Kubalianeni pia mapema kwamba siri ya mtu aliyoitoa katika maombi haitoki nje ya kundi, hata kwa mke au mume.

Mwisho, wekeni daftari la maswali. Msilazimishe jibu pale ambapo hakuna mwenye uhakika. Swali liandikwe pamoja na tarehe, lipelekwe kwa mchungaji au kwa mwalimu wa theolojia atakapopita mtaani, na jibu lirudishwe kundini likisomwa kwa sauti mbele ya yule aliyeuliza. Daftari letu lina maswali ambayo bado hayajajibiwa, na kila Juni tunaanza kwa kuyasoma hayo kabla ya kufungua fungu jipya.