Mtoto mfupi: pima kimo kwanza, homoni baadaye

Homoni ya ukuaji haitoki mfululizo. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huimwaga kwa vipindi, na kiasi kikubwa hutoka usiku mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Damu iliyochukuliwa saa nne asubuhi inaweza kuonesha karibu sifuri kwa mtoto asiye na kasoro yoyote. Kipimo hicho cha mara moja usikilipie.

Anza ukutani. Mtoto avue viatu na mtandio, misuko ya utosini ifumuliwe. Asimame kwenye sakafu ya saruji, si mkekani, visigino na makalio yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Egemeza kibao kwenye ukuta, kishushe mpaka utosini, tia alama kwa penseli, upime kwa futi ya chuma ya seremala. Ile ya cherehani huvutika. Rudia mara tatu. Pima saa ile ile kila safari, maana jioni uti wa mgongo huwa umeshabonyea na kimo hupungua hata sentimita moja. Wa chini ya miaka miwili apimwe amelala.

Pima tena baada ya miezi sita. Ukipima kila mwezi, kosa la nusu sentimita linakula ukuaji wote. Kuanzia miaka minne mpaka karibu na balehe, mtoto hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akirefuka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mpeleke kwa daktari pamoja na kadi yake ya kliniki.

Tazama na wazazi. Baba ana sentimita 165, mama 156: jumlisha, ongeza 13 kwa mvulana au toa 13 kwa msichana, gawa kwa mbili. Mvulana 167, msichana 154, na tofauti ya 8 au 9 juu au chini ni ya kawaida.

Kabla ya homoni huangaliwa lishe, minyoo, kichocho (Unguja na Pemba bado kipo), wingi wa damu, picha ya mifupa ya mkono wa kushoto, na kwa msichana kromosomu. Tezi ya shingo ikiwa dhaifu na isiposahihishwa kwanza, majibu ya homoni yatashuka bure.

Kipimo chenyewe ni cha kuichokoza tezi ya pituitari kwa dawa. Mtoto hali kitu tangu usiku, maji tu. Anayevuka kutoka Pemba afike siku moja kabla, asije akatapika botini huku ana njaa. Akipewa klonidini, damu huchukuliwa mwanzo, kisha dakika ya 30, 60 na 90. Atasinzia na presha itashuka, kwa hiyo abaki kitandani, asiende chooni peke yake. Cha insulini hushusha sukari kwa makusudi; kikubali pale tu daktari anaposimama kando na glukosi tayari.

Maabara nyingi huweka mpaka wa kufaulu kwenye nanogramu 7 au 10 kwa mililita. Unene hushusha majibu, na kufeli mara moja hakutoshi. Kwa kawaida hudaiwa vipimo viwili. Ukipewa karatasi yenye tarakimu moja tu, rudi dirishani udai za dakika zote, pamoja na jina la dawa iliyotumika.